Baada ya Barua ya Ajira: Mwaka wa Kwanza wa Mtumishi Mpya Migato

Orodha ya ajira mpya za walimu na watumishi wa afya ikitoka, simu hazilali. Mtu anashuka na kidole jina baada ya jina mpaka alikute lake, kisha anasoma kilichoandikwa mbele yake: somo, ngazi, halmashauri. Kila awamu wapo wanaokuta wamepangiwa Itilima. Aliyesomea Mbeya au Morogoro huenda jina hilo hajawahi kulisikia. Itilima ni wilaya ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa Machi 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi. Makao makuu yake yapo Lagangabilili, na mojawapo ya kata zake ni Migato, nchi ya Wanyantuzu, pamba, mtama na ng'ombe.

Anayepangiwa Migato hufurahi kwa dhati, na sababu anayo. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nafasi 17,412 za kada hizo mbili, 9,800 za walimu na 7,612 za afya. Mwaka 2023 zikawa 21,200, walimu 13,130 na afya 8,070. Ni nafasi nyingi mpaka uwahesabu wanaozitaka. Mwanzoni mwa 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili, waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Mwaka huohuo walimu wasio na ajira, wengine wahitimu wa tangu 2015, walijikusanya wakaunda umoja wao, NETO. Nyuma ya msongamano huo upo mwaka 2016, ajira za Serikali ziliposimamishwa ili kuwasaka wafanyakazi hewa, kisha 2017, uhakiki wa vyeti ulipoibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Usafi huo ulihitajika. Lakini wahitimu waliokuwa na vyeti halali ndio waliokaa foleni.

Miaka ya foleni ndiyo inayoeleza mengi ya yanayotokea baadaye. Mtu amefundisha tuisheni, ameendesha bodaboda, ameuza mitumba, amejitolea shule ya jirani kwa posho ya nauli. Muda wote huo kazi ya Serikali ilikuwa inakua kichwani mwake. Imekuwa mahari, ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya mama, heshima kwa wakwe. Hakuna kituo cha kazi kinachoweza kubeba matumaini yote hayo, kiwe Migato au Masaki ya Dar es Salaam.

Kuvunjika moyo kwa miezi ya mwanzo kunazungumzwa vibaya kwetu. Upande mmoja husema vijana wa siku hizi walegevu, wanataka mjini tu. Upande wa pili husema Serikali haijali watu wake. Ninavyoona, yanayomkuta mtumishi mpya yapo ya namna mbili, na sehemu kubwa ya mateso ya mwaka wa kwanza inatokana na kuyachanganya. Yapo yanayoisha kwa kuzoea: upweke, lugha, matope, chakula, darasa linalomshinda mgeni. Na yapo yasiyoisha hata ukizoea: stahiki isiyolipwa, nyumba isiyokuwepo, kiongozi asiyesikia, kazi ya watu wanne aliyoachiwa mmoja. Ya kwanza yanataka subira. Ya pili yanataka madai. Anayeyapigania ya kwanza atahama kituo hadi kituo asitulie popote, na anayeyavumilia ya pili atastaafu na kinyongo.

Tuanze na ya kwanza, maana ndiyo yaliyochunguzwa zaidi duniani. Mwaka 1974 Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi nchini Marekani, alitoa kitabu kuhusu sababu zinazowafanya wauguzi waache kazi. Aliwafuatilia wauguzi wapya wanavyotoka chuoni na kuingia wodini, akakuta mwendo unaofanana: kwanza raha ya kuanza, kisha mshtuko pale mafundisho ya chuo yanapogongana na wodi ilivyo, kisha mtu anaanza kujikusanya, na mwishoni anaamua atakuwa mfanyakazi wa namna gani. Miaka kumi baadaye Mholanzi Simon Veenman alikusanya tafiti 83 kuhusu walimu wanaoanza kazi katika nchi mbalimbali, na tatizo lililoongoza lilikuwa kulitawala darasa. Mwaka 2005 Wendy Boswell na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia mameneja waliohama kazi: kuridhika kulipanda walipoingia kazi mpya, kisha kukashuka. Hao walikuwa watu wenye ofisi na vyeo.

Kwa hiyo kijana anayejiuliza mwezi wa tano kama alikosea kuchagua ualimu anapita njia iliyopitwa na wengi, na swali lenyewe si ushahidi kwamba alikosea. Tofauti ni kwamba huenda walimu wengi wa tafiti zile jioni walirudi walikozoea, kwa ndugu na marafiki. Anayetumwa Migato anabadilishiwa kazi na maisha kwa siku moja, na akichoka na kimoja hana cha pili cha kumpumzisha.

Tazama anavyofika. Njia ya kuingia Bariadi siku hizi ni lami, uje kwa Shinyanga kupitia Mwigumbi na Maswa, au kwa Mwanza kupitia Lamadi. Mji wenyewe humshangaza mgeni aliyeambiwa anakwenda porini: benki zipo, nyumba za wageni zipo, na viwanja vya Nyakabindi ndipo yalipofanyika maonyesho ya kitaifa ya Nanenane kuanzia 2018 hadi 2020. Anapumua. Anaripoti halmashauri, anajaza fomu, anapigiwa mihuri, anapewa barua ya kwenda kituoni. Hapo ndipo safari inapobadilika. Godoro linakunjwa na kufungwa nyuma ya pikipiki, begi linawekwa juu ya tangi, yeye katikati na bahasha ya vyeti kifuani. Kama ni masika, udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye tairi mpaka unajaa chini ya madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka. Dereva anashuka, anachokonoa kwa kijiti, anasogea hatua chache, anashuka tena. Mgeni anaanza kupiga hesabu za mgonjwa, za mama mjamzito, za yeye mwenyewe akipata malaria usiku.

Shuleni anapokewa kwa uchangamfu na kwa haraka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule nyingi za vijijini, kwa uhaba wa walimu, zile siku mbili hazina. Siku ya kwanza anakabidhiwa darasa, masomo matatu, zamu na michezo. Asubuhi inayofuata anasaini daftari la mahudhurio, na akichelewa anakuta mkuu wa shule ameshapiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Chumba anakitafuta senta mwenyewe, kwa mwenye nyumba ambaye bei ya mwalimu na bei ya mwanakijiji anazijua ni mbili tofauti.

Darasani anakutana na jambo ambalo chuo kililigusa kwa juujuu. Watoto wa darasa la kwanza wa Migato wengi wanaongea Kisukuma nyumbani. Anapowaambia wafungue daftari wanamtazama kwa adabu kubwa bila kufanya kitu. Wasichana wanapiga goti kumwamkia, heshima ambayo hajawahi kuipata popote, na dakika mbili baadaye anagundua hawajaelewa sentensi hata moja. Amefunzwa kupanga somo la dakika arobaini kwa darasa la wanafunzi 45, kwani ndicho kiwango cha Serikali, na mbele yake wamebanana watoto wa kujaza madarasa mawili. Mvua ya Novemba ikishuka, baadhi wanakwenda kupanda pamba na wazazi wao. Mei na Juni wapo wanaoivuna. Wengine wanapishana na ndugu zao kuchunga ng'ombe, leo huyu, kesho yule. Mwalimu aliyejipima kwa ufaulu anajiona ameshindwa kabla ya muhula kwisha.

Hili la lugha lina historia mkoani hapa, na ni historia ya kutia moyo. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014, ambao pamoja na mambo mengine uliandaa madarasa ya utayari kwa watoto waliokuwa hawajapata nafasi ya elimu ya awali, wengi wao wasiojua Kiswahili, wakifundishwa na wasaidizi wa kutoka vijiji vyao kwa hadithi na michezo. Tangu 2022 mkoa umo pia katika mpango wa Shule Bora. Kwa mgeni fundisho ni moja: wenye ufunguo wa darasa lile wapo kijijini tayari. Mwalimu anayejifunza kusema mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, akamwomba mwanafunzi wa darasa la sita amsaidie kwa wadogo, akajifunza majina ya vitu kumi kila wiki, anaona darasa likifunguka mapema kuliko yule anayengoja watoto wamfuate. Miezi sita ya kazi hiyo hubadilisha mengi ambayo uhamisho usingebadilisha.

Kwenye zahanati ugumu una sura nyingine. Mwalimu akishindwa leo, darasa lipo kesho. Muuguzi au tabibu wa kijijini anaamshwa usiku na mama aliyeletwa kwa baiskeli, na mara nyingi uamuzi wa kumpa rufaa au kumbakiza ni wake peke yake, akijua barabara ilivyo. Amefunzwa hospitali yenye mkufunzi pembeni, maabara na daktari wa kumwita. Akikosa dawa, anayelaumiwa na kijiji ni yeye, wala si Bohari ya Dawa. Mshtuko alioueleza Kramer kwa wauguzi wa hospitali kubwa za Marekani, hapa unaongezewa upweke wa kubeba dhamana ya uhai bila mwenzako wa kushauriana naye. Nikiulizwa nani katika watumishi wapya wa Migato anahitaji kupigiwa simu kila wiki na mkubwa wake wa kazi, nitasema huyu, kabla ya mwingine yeyote.

Kisha mshahara. Hapa ndipo furaha ya wengi inapovunjika kwa nambari, kwa hiyo tuzitazame nambari zenyewe. Mwezi wa kwanza, na pengine wa pili, unaweza kupita taarifa zake zikiwa bado hazijaingizwa kwenye mfumo wa malipo, cheki namba haijatoka. Anaishi kwa kukopa dukani senta. Siku ujumbe wa benki unapoingia, anaona pungufu ya alichokisoma kwenye barua. Tuchukue mshahara wa shilingi 800,000 kwa urahisi wa hesabu. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, shilingi 40,000. Bima ya afya asilimia 3, shilingi 24,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya 2016: hiyo ni 120,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza 2021, ni 68,000 baada ya kutoa mchango wa pensheni. Akiwa mwanachama wa chama cha walimu, CWT, asilimia 2 nyingine, 16,000. Jumla 268,000. Zinabaki 532,000.

Yapo ya kushukuru katika hesabu hiyo, na haki inataka yasemwe. Mwajiri anamwongezea asilimia 15 kwenye pensheni, fedha ambazo kijana hazioni sasa. Tangu 2021 iliondolewa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilivimbisha deni la mwanafunzi. Na Mei Mosi ya 2025, Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Pamoja na hayo yote, theluthi ya mshahara aliouota kwa miaka yote ya foleni imekwenda kabla hajaigusa, na hakuna aliyemkalisha chini chuoni akamwonyesha hesabu hiyo ya dakika kumi.

Nyumbani hesabu hiyo haiaminiki. Mwanetu yuko serikalini. Mbona anasema hana? Maombi yanaanza wiki ileile ya barua: ada, msiba, harusi, mbolea, simu mpya ya baba. Akijaribu kueleza ugumu anajibiwa kwa sentensi ambayo kila mtumishi mpya nchini ameisikia: wenzako hawana kazi. Ni kweli hawana. Lakini ukweli huo unatumiwa kumziba mdomo, na mtu aliyezibwa mdomo na ndugu zake pamoja na wakubwa zake wa kazi hubaki na maumivu yasiyo na pa kutokea. Kwa maoni yangu ukimya huu unaharibu watumishi wengi kuliko matope na uchakavu wa nyumba. Shukrani kwa ajira haimfutii mtu haki ya kusema kwamba posho yake haijalipwa.

Watu hujitibu kwa njia mbalimbali, na baadhi ya tiba ni hatari kuliko ugonjwa. Wapo wanaoondoka kimyakimya: anaaga anakwenda kufuatilia mshahara mjini, harudi. Huyu ajue kwamba katika utumishi wa umma kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha, na kufukuzwa kutamfuata kila atakapoomba tena. Kuacha kazi kwa barua ni haki yake. Kutoroka ni kujifungia mlango. Wapo wanaoanza kusaka uhamisho kabla hawajafungua begi, wakati utaratibu unataka mtumishi atimize walau miaka mitatu kituoni. Anayeishi kwa kungoja mwaka wa tatu hanunui hata meza, na miaka mitatu bila meza ni mirefu.

Wapo wanaokimbilia mkopo. Mtumishi wa Serikali anatafutwa na wakopeshaji mpaka ofisi ya walimu, na sheria inayotaka mshahara usikatwe hadi kubaki chini ya theluthi yake ndiyo ukuta pekee uliosimama katikati. Anachukua mkopo wa miaka mingi ili kufidia miaka aliyosubiri, ananunua pikipiki na simu, anatuma nyumbani kilichobaki. Mwezi unaofuata amekwama, anaingia kwa wakopeshaji wa mtaani waitwao kausha damu, wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri. Nimeona walimu wazuri waliopoteza hamu ya kufundisha kwa sababu ya madeni haya, na kazi yenyewe haikuwa na kosa: walikuwa wanafanya kazi ya mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine.

Wengi wa waliotulia Simiyu waliingia shambani. Wanakodi ekari, wanapanda pamba au mpunga, wananunua mbuzi mnadani. Naliunga mkono jambo hili kwa sharti. Shamba linampa mgeni kipato cha pili, na zaidi ya hapo linampa mazungumzo na majirani: anajua bei ya pamba, anakaa kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, anakuwa mtu wa pale. Sharti ni kwamba Novemba na Desemba darasa lisiachwe kwa ajili ya palizi yake mwenyewe, tena kwa mikono ya wanafunzi.

Mbaya kuliko wote ni yule asiyetoroka na asiyedai. Anasaini daftari, anaandika andalio la somo, anakaa chini ya mwembe mpaka saa tisa na nusu. Amekufa ganzi. Katika taarifa za halmashauri yupo, ikama imejazwa. Watoto wa Migato wanajua kwamba hayupo.

Sasa yale yasiyozoeleka. Mtumishi anayeajiriwa mara ya kwanza anastahili nauli ya kufika kituoni na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo. Mshahara uliochelewa una jina, malimbikizo, na una fomu ya kudai. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, kisha anapaswa kuthibitishwa kazini. Anastahili mafunzo elekezi, aambiwe haki na wajibu wake kabla ya kuulizwa kwa nini hakuutimiza. Mwalimu ana Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, yenye ofisi wilayani. Anapoambiwa avumilie kuhusu mambo haya, anaambiwa akubali kunyimwa kilicho chake. Adai kwa maandishi, kwa heshima, kupitia kwa mkuu wake wa kituo, abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Madai ya mdomo hayana tarehe.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa karibuni wa kutenganisha mambo hayo mawili, ya kuzoea na ya kudai. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, JSS, waliajiriwa kwa mkataba wa ugenzi wakilipwa takriban shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifanya kazi sawa na mwalimu kamili. Shule mpya, mtaala mpya, maabara hakuna. Hayo walianza kuyazoea. Mshahara wa ugenzi kwa kazi kamili hawakuuzoea. Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira iliamua kwamba utaratibu ule ulikiuka haki zao, Mei wakagoma, baadhi wakaandikiwa barua za kujieleza. Januari 2025 walimu 46,000 walipewa ajira ya kudumu. Migomo ina gharama kwa watoto na sisemi ndiyo njia ya kwanza. Nasema kuna uchungu ambao dawa yake si muda.

Sekta binafsi niiguse kwa kifupi, kwa sababu wahitimu wa Simiyu wanaoikosa Serikali huingia huko: shule binafsi, viwanda vya kuchambua pamba, kampuni za mikopo. Huko ni muhimu zaidi kuwa na masharti ya kazi kwa maandishi siku ya kwanza, haki iliyomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kujua kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakiomba radhi kwa kosa wasilolijua.

Linabaki swali la mwajiri. Mwaka 1973 mtafiti John Wanous alichapisha jaribio alilolifanya kwenye kampuni ya simu nchini Marekani. Baadhi ya waombaji wa kazi ya kuunganisha simu walionyeshwa filamu ya kawaida inayosifu kazi, wengine filamu inayosema ukweli, uchovu na ukali wa wasimamizi ukiwemo. Walioambiwa ukweli hawakuikataa kazi kuliko wenzao. Waliingia na matarajio madogo, na hawakufikiria sana kuacha. Gharama yake ilikuwa filamu moja. Vyuo vyetu vya ualimu na uuguzi, na halmashauri zenyewe, zinaweza kufanya hivyo kwa kurasa mbili zinazoambatana na barua ya kupangiwa kituo: nauli ya bodaboda kutoka Bariadi ni kiasi gani, chumba senta kinapangwa kwa bei gani, mtandao wa simu unashika wapi, maji yanatoka wapi, watoto wanaongea lugha gani, mshahara wa kwanza uutegemee lini, baada ya makato utabaki ngapi. Aliyesubiri miaka yote hiyo hatakataa kuja kwa sababu ya kurasa hizo. Atakuja na ndoo, taa ya sola na akiba ya miezi miwili.

Nyumba nazo zinajibu sehemu kubwa ya tatizo, hasa kwa mwalimu wa kike anayeishi peke yake, ambaye kwake mlango wenye kitasa imara una uzito kuliko semina yoyote. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilijenga nyumba za watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni kwa kuelewa kwamba mtu habaki mahali asipoweza kulala kwa amani. Kijiji kilichoweza kuchangia nguvu kujenga darasa kinaweza kujenga nyumba ya vyumba viwili, na nimeshangazwa na jinsi jambo hili linavyokuwa la mwisho kwenye ajenda za mikutano ya vijiji, huku uhaba wa walimu ukiwa la kwanza.

Kwa wewe uliyeripoti juzi: jipe mwaka mmoja kabla ya kuihukumu taaluma yako, na usijipe hata mwezi mmoja kabla ya kuandika madai yako ya fedha. Tafuta mtumishi mmoja mkongwe anayeipenda kazi, hata kama ni wa shule ya jirani, umuulize maswali unayoona aibu kumuuliza mkuu wako. Usikope mpaka uthibitishwe. Waambie nyumbani kiasi halisi unachopokea, mara moja, kwa nambari. Jipime kwa kitu kidogo unachokiona: mwezi huu watoto wangapi wa darasa la pili wamesoma sentensi nzima bila kusaidiwa. Ukifika mwisho wa mwaka na bado moyo umekataa, ondoka kwa barua na kwa heshima. Hutakuwa umeshindwa na mtu.

Na kwa mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji: awamu nyingine ya ajira itatangazwa, na majina mengine yatapangiwa Itilima. Chumba cha kila mtumishi mpya kitafutwe kabla hajafika. Jirani mmoja aelezwe kwamba mgeni anakuja. Apewe siku mbili za kukaa na kuangalia kabla ya kukabidhiwa zamu, na fomu zake za nauli, kujikimu na mshahara zijazwe na kupelekwa Lagangabilili ndani ya wiki ya kwanza.